Ngege Aliyesingiziwa Kula Watoto Wake

Kila nisikiapo kisu kikiparua magamba, ndugu wasomaji, hurudi Kasenga, Februari 1963, katika ua wa bibi yangu. Alipomfungua ngege kinywa, vilimwagika visamaki, vingine vikirukaruka bado. Bibi akamtupa kando. Mwenye mimba, alisema, hagusi samaki anayekula watoto wake. Nikampasua tumbo samaki yule: nilikuta ukoga wa mawe tu, wala si kisamaki hata kimoja. Bibi akanikumbusha kwamba binti mwenye maswali mengi huzeekea kwa baba yake.

Nilikuwa darasa la pili, msichana wa miaka kumi na mitatu aliyeanza shule Septemba 1961, na baba alingoja kosa moja tu anirudishe nyumbani. Wiki hiyohiyo mwalimu alitukaririsha: samaki hutaga mayai majini, kisha huyaacha. Sikukariri. Nilieleza nilichokiona.

"Uhuru imeingia mpaka mu samaki?" akauliza. "Sasa wanazaa namna wanapenda?"

Darasa likaangua kicheko. Akaniamuru kesho yake nije na sentensi ile kichwani, la sivyo nisije kabisa.

Nilikuja na beseni. Mjomba wangu, mvuvi, alikuwa amenipatia ngege hai mwenye kinywa kilichovimba.

"Weye, nilikuambia lete sentensi."

"Minye siwezi kusema kitu macho yangu imekatala. Angalia, Mwalimu."

Visamaki vilikuwa vimetoka, vikiogelea ubavuni mwa mama yao. Mwalimu akainama. Kivuli chake kilipoangukia maji, vyote vikakimbilia kinywani mwa mama, naye akakifumba. Hakuna aliyecheka.

Sikufukuzwa. Hata hivyo alinionya kwamba mtihani husahihishwa kwa kitabu. Juni niliandika nilichokiona, nikapata sifuri, na kwa ombi la mjomba baba akakubali nirudie darasa. Na mwaka 1964, kabla sijalimaliza, uasi dhidi ya serikali ukafunga shule yetu. Baba akaniozesha.

Nilirudi darasani nikiwa mjane, na huko ndiko nilikoelewa kile nilichokuwa nimekishika bila jina. Ndagaa humwaga mayai mengi mno bila kuyalinda. Ngege huatamia machache kinywani. Ni majibu mawili ya swali moja: uzao utabakije hai? Bibi alimhukumu samaki, mwalimu alimkariri. Mimi nilitaka kujua anaishije.

Wapo wanaosema hadi leo kwamba ukaidi ulinipotezea mwaka. Mwaka huo ndio nilioanza kusoma.