Inuteq Niliyemwona Angani

Inuteq alikuwa mume wa mdogo wangu Tabita, na hata kwa mbali ungemtambua kabla hujaona uso wake. Bega la kushoto lilikuwa chini kuliko la kulia, kwa sababu mbwa alimng'ata utotoni nyama ikaondoka. Miguu yake iliangalia ndani. Alikuwa anacheka kabla kichekesho hakijaisha, kwa hiyo nusu ya vichekesho vyake hatukujua mwisho wake. Kanisani aliimba vibaya na kwa nguvu. Lakini kwenye barafu alinyamaza kama jiwe, akasimama juu ya tundu ambalo sili, mnyama wa baharini, hutokezea kupumua, nusu siku bila kuhamisha mguu.

Mimi nilikuwa na macho. Kwetu kaskazini ile mianga ya kijani inayotokea mbinguni majira ya giza, jua lisipochomoza kabisa, ni wafu wetu wanacheza mpira, na mpira wao ni fuvu la mnyama. Kila mtoto anawaona watu mle. Mimi ndiye niliyeweza kusema ni nani. "Yule mama yetu, tazama anavyoshika kiuno." Watu wakatazama, wakamwona. Hilo silionei aibu hadi leo. Macho yangu yalikuwa mazuri. Ninachokionea aibu ni siku moja.

Mwaka ule upepo wa mashariki ulikata barafu ikaelea baharini, Inuteq akiwa ukingoni anawinda. Mbwa wake saba walirudi peke yao, kamba zinaburuta. Wanaume walimtafuta siku nne. Wiki tatu zikapita, na Tabita hataki pole ya mtu. Kila asubuhi alichukua buti za ngozi za akiba za mumewe, akatafuna soli zake zilainike, kama mke yeyote anavyofanya kabla mume hajatoka.

"Mwache," majirani waliniambia nilipotaka kumzuia.

"Akirudi atakuta buti zimekauka, atavaa nini?" Tabita alisema, buti bado mdomoni.

Siku hizo jirani yetu Bolatta akajifungua mtoto wa kiume. Hapo ndipo shida ilipoanza. Mtu akifa kwetu, jina lake humngoja mtoto atakayezaliwa, na akipewa, marehemu amerudi. Mjane humwita yule mtoto mume wangu, na hafanyi mzaha. Lakini jina la mtu aliye hai haligawiwi. Wawili wakilivuta, mmoja ataumia. Kwa hiyo kijiji kizima kilitaka kujua jambo moja tu: Inuteq amekufa au hajafa?

Kesho yake mchana, giza tupu kama kawaida ya majira yale, tulisimama nje ya duka tukimngoja Gaba, mwenye duka, afungue. Mianga ikatokea, mikubwa, inatembea. Gaba akatoka na funguo zake.

"Haya, Salumina mwenye macho! Leo umenyamaza?"

"Anatazama," mtu mmoja akajibu.

"Anatazama nini? Siku hizi hata sindano anatungiwa uzi na wajukuu."

Wakacheka. Nilikuwa na miaka hamsini na miwili na uzi nilikuwa natunga mwenyewe.

Nikatazama juu. Nitasema nilichokiona. Niliona mwanamke anakung'uta ngozi ya sili. Alipoikunja tena, sikuona kitu, kitambaa cha kijani tu kinapepea. Lakini kicheko cha Gaba kilikuwa bado masikioni, na wote wakiningoja.

"Yule pale Inuteq," nikasema. "Bega la kushoto liko chini. Amepiga fuvu, anacheka."

"Wapi?"

"Pale! Huoni miguu inavyoangalia ndani?"

"Ee! Kweli! Ndiye!"

Mianga ndivyo ilivyo, mwambie mtu cha kuona naye atakiona. Mume wa Bolatta aliondoka mbio kwenda kumwambia mkewe. Na Tabita alikuwa amesikia kelele, akaja kwa haraka bila kofia, buti moja mkononi.

"Dada, umemwona wewe mwenyewe?"

"Nimemwona."

Hakulia. Aliinama, akaiweka ile buti juu ya theluji, polepole, kama anamlaza mtoto. Akaiacha pale, akarudi ndani.

Jumapili mtoto wa Bolatta akabatizwa Inuteq. Tabita alimpakata, akasema "mume wangu" kwa sauti ya kuazima.

Wiki ya saba Inuteq akarudi. Barafu ilikuwa imemtupa kwenye kisiwa, wawindaji wa kusini wakamwokota na mguu uliovunjika, na njia ilipofunguka wakamleta kwa sleji inayovutwa na mbwa. Alishuka anacheka.

"Nasikia nimezaliwa!"

Hakuna aliyecheka naye. Tabita alimshika uso kwa mikono miwili, kisha akageuka kunitazama. Mimi nikaangalia mbwa.

Kuanzia wiki ile mtoto wa Bolatta alilia. Alinyonya analia, akalala analia. Sisi tunajua kwa nini mtoto hulia namna hiyo: jina lake halijakaa. Bolatta alikuja kwangu amembeba, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Shangazi, samahani. Ulimwona kweli?"

"Unaniuliza mimi?"

Nilisema hivyo tu. Maneno mawili. Aliinamisha kichwa akaondoka na kilio chake mgongoni. Ningesema "sikumwona," siku ileile mtoto angepewa jina jingine na Inuteq angebaki na lake. Nilijua hivyo wakati mlango unafungwa. Nikaendelea kushona.

Baadaye Inuteq mwenyewe alikuja kwa fimbo. Akakaa, akala samaki wangu mkavu bila kukaribishwa, kama kawaida yake.

"Shemeji," akasema, "kule juu nilikuwaje?"

"Kuwaje vipi?"

"Si uliniona? Nilikuwa na huzuni, au vipi?"

Hii ndiyo nafasi niliyopewa, na nilipewa na mtu niliyemkosea, amekaa kwangu, mafuta ya samaki kidevuni.

"Ulikuwa unacheka," nikamwambia.

Akafurahi! Akapiga goti kwa kiganja. "Basi ndivyo. Labda kule barafuni nilikufa kidogo, nikarudi. Sikiliza, shemeji, yule mtoto anateseka. Nimemwambia Bolatta achukue jina lote. Mimi nitaishi bila. Nimeshalitumia miaka arobaini na tatu."

Mtoto akanyamaza wiki ileile. Na Inuteq akawa Mzee. Wote tulimwita hivyo, mtu ambaye hakuwa na mvi. Akiitwa dukani alichelewa kugeuka. Mara moja Bolatta alimwita mwanawe, "Inuteq, njoo ule!" nikamwona shemeji yangu ameinua kichwa, kisha akajifanya anafunga kamba ya buti. Hakunilaumu hata siku moja. Aliishi hivyo miaka kumi na moja, kifua kikamuua majira ya kuchipua.

Kiangazi hicho binti yao alijifungua mtoto wa kike. Jina kwetu halichagui mwanamume au mwanamke. Lakini mtoto alikaa siku tisa bila jina, analia, na Tabita anatafuna midomo.

"Mpeni la babu yake," nilisema.

"Lipi? Lilishachukuliwa."

"Basi yule mvulana wa Bolatta ndiye mumeo."

Tabita akanitazama. "Dada, mvulana yule alichongewa mpini wa mjeledi na mume wangu. Nilimwona anamchongea. Nimwite mume wangu?"

Hapo nikaelewa nimemfanya nini mdogo wangu. Kila mjane kijijini alikuwa na mtoto wa kumwita mume. Yeye nilimfungia mlango kwa maneno yangu ya dukani. Nikamwambia ukweli wa siku ile. Nilisema nikitazama sakafu, na sauti yangu niliichukia.

Tabita alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Usiniambie mimi. Kaseme pale uliposemea."

Nikaenda dukani. Gaba alikuwepo, na Bolatta, na wengine sita. Nikasimama karibu na jiko na kofia yangu mkononi.

"Ile siku ya mianga sikumwona Inuteq. Niliona mwanamke na ngozi. Nilisema kwa kuwa Gaba alinicheka."

Gaba akaangalia mikono yake. Bolatta ndiye aliyejibu.

"Miezi miwili sikulala, Shangazi. Mgongo huu bado unauma." Akafunga kitambaa chake kichwani. "Wangu alipewa jina na mwenyewe akiwa hai, hilo ni lake. Lakini aliyekufa bado hajapata mtu. Mwambie Tabita amwite mjukuu Inuteq."

Hakunipa mkono. Sikuutegemea.

Msichana akabatizwa Inuteq. Nyumba ilijaa watu na kahawa, na mimi nilikaa karibu na mlango, sikuomba kumpakata. Tabita ndiye aliyenijia na kumweka mapajani mwangu.

"Huyu mume wangu," akasema, wote wanasikia. "Mwambie ulichokiona."

Nje jua la kiangazi halikuzama, mbingu nyeupe haina kitu. Mtoto alinitazama. Uso ulinichoma hadi masikioni.

"Mwanamke alikuwa anakung'uta ngozi," nikamwambia. "Wewe, shemeji, hukuwepo."