Nyasi za Kujazia Godoro

Baba mdogo alishona magodoro mpaka mtaa mzima ukasahau jina lake, ukamwita Magodoro. Aliyajaza nyasi za bondeni, zile ndefu laini zinazopenda penye majimaji. Hazipandwi na mtu. Ukizikata zinachipua tena kwenye mizizi ileile, mwaka hadi mwaka. Mama mdogo ndiye aliyekuwa mkataji, na mumewe alipomsaidia, alimgombeza kila alipokata chini mno, karibu na mizizi.

Sponji ilipojaa madukani, wateja wakapotea mmoja mmoja. Baba mdogo akageukia kushona viti vya magari, bondeni hakwenda tena.

Miaka ikapita. Mama mdogo akaugua, na hospitali ikamrudisha nyumbani kwa kuwa madaktari hawakuwa na la kufanya zaidi. Sponji ilimchoma mgongo kwa joto. Akaomba godoro la nyasi, alalie kitu anachokijua.

Baba mdogo alibeba mundu akaenda. Alikuta bonde limechimbwa mtaro katikati, maji yamehamishwa, udongo umepasuka. Nyasi zilikuwa vishina vikavu. Alivuta kimoja, kikang'oka na mizizi yake kama nywele za maiti. Akafuata mtaro hadi kwenye kalavati, na hapo tu akapata kijani kidogo.

Alizokata hapo hazikutosha godoro. Akazianika juu ya bati, lakini mawingu yalikuwa yametanda na nyasi mbichi huota ukungu.

“Fundi,” mama mdogo alimwita kutoka kitandani, “mteja wako atakufa akingoja.”

Tulicheka, kisha kila mtu akatafuta pa kuangalia.

Zilipokauka, baba mdogo alishona mto wa kulalia, akamwekea chini ya kichwa. Mama mdogo alivuta harufu yake kwa muda mrefu.

“Bonde lipo vilevile?”

“Lipo.”

“Umeacha mizizi?”

“Nimeacha.”

Akafumba macho, ameridhika. Alfajiri hakuamka.

Baada ya maziko binti yao alimchukua baba mdogo akakae kwake. Hashoni tena, na chakula hula kwa kubembelezwa. Siku moja binti alimuuliza kwa nini alimficha mama habari za bonde. Baba mdogo aliweka chini kikombe chake cha chai.

“Ningemwambia,” alisema, “halafu angelala wapi?”