Pua ya Mfalme

Harufu ya funguo zilizoloa jasho kiganjani, sawa na ya shilingi kuukuu, hunirudisha mlangoni kwa nyanya.

Ilikuwa Sabato. Tulipotoka kanisani tulimkuta sonara kutoka mjini Kisii akitungoja. Alitaka shilingi za wakati wa vita, zile zenye simba upande mmoja na kichwa cha mfalme upande wa pili. Kwa kila moja angetoa mbili mpya.

"Leo siuzi kitu," nyanya akasema. "Rudi kesho."

Alimtazama mpaka akapotea kwenye migomba. "Nani hutoa shilingi mbili apewe moja? Huyo anajua jambo."

Nyanya alikuwa nayo moja tu, ya mwisho katika zile alizoletewa na karani wa serikali pamoja na habari kwamba mwanawe wa kwanza hatarudi kutoka vitani. Jua lilipotua na Sabato kuisha, aliifungua kwenye pembe ya leso, akaisugua kwa majivu. Pua ya mfalme ikatokea nyekundu.

"Kumbe imepakwa fedha juu tu!" akasema.

Asubuhi sonara alifika umande haujakauka, na haraka hiyo ikamzidishia nyanya shaka. Alimwonyesha ile pua. "Hii ni shaba. Unataka kunifanyia nini?"

"Mama, shaba ndiyo nyingi, lakini madini ya fedha yamo, robo. Zilizotoka baada ya vita hazina hata chembe."

"Robo?"

"Robo tu."

Nyanya aliifunga tena kwenye pembe ya leso, akakaza fundo kwa meno.

"Mimi serikali niliipa mtoto mzima."