Kisanduku Ndani ya Kabati la Pampu

Kwenye mtambo wa kusafisha maji walimwita Mama Kufuli, naye jina hilo alilipokea kama cheo. Kazi yake ilikuwa kuwasimamia mafundi wa nje: wa kampuni iliyouza pampu, wa kampuni iliyofunga kompyuta za kuziendesha, na wale wa vipimo vya dawa. Kila mmoja akifika getini hujiona ndiye mwenye mtambo, na Mama Kufuli humrudisha mahali pake kabla hajavua kofia. Laptopu yako inabaki getini, unatumia ya kwetu. Flashi yako kaa nayo mfukoni. Kabla hujagusa kabati lolote, yeye anapiga picha ya ndani. Ukishaondoka anapiga nyingine, kisha anazikodolea macho picha zote mbili kama anayemchagulia binti yake mchumba.

"Mama, kwani huniamini?" fundi mmoja aliwahi kulalamika.

"Mume wangu mwenyewe namkagua mifuko kabla sijafua," akamjibu. "Sembuse wewe nisiyejua hata unapolala."

Basi Jumatatu moja asubuhi alikuwa anatazama picha za kabati la pampu kubwa, ile inayosukuma maji ya mji mzima. Kwenye picha ya pili, nyuma ya nyaya, akaona kisanduku cheusi chenye antena fupi. Akaenda kufungua kabati. Kilikuwepo, taa ya kijani inakonyeza, na ndani yake kuna laini ya simu.

Fundi aliyetoka humo Ijumaa alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake wa mwisho, baba wa mapacha ambao hata kukaa hawajaanza. Na sheria ya mtambo aliitunga yeye mwenyewe Mama Kufuli: anayeacha kifaa kwa siri haingii tena, na kampuni yake inaambiwa. Kampuni ile nayo ilikuwa haijui kusamehe.

Akamwita. Shemeji akaja anachekacheka.

"Shemeji, hicho si cha kuwasaidia nyie? Nikiwa kwangu naiona pampu, naizima, naiwasha. Sina haja ya kusafiri kila mara."

"Nani alikuruhusu?"

"Aah, shemeji! Sisi si ndugu?"

"Mimi ni ndugu yako. Pampu si ndugu yako. Nywila yake ni ipi?"

Shemeji akakuna kisogo. "Ileile kiliyotoka nayo kiwandani. Mafundi wote tunaijua, inarahisisha kazi."

"Na yule fundi mwenzenu mliyemfukuza akatoka anatukana, naye anaijua?"

Kicheko kikamkauka. "Anaijua."

"Basi mtu mwenye hasira zake anaweza kukaa kwake, miguu juu ya stuli, akaukatia mji mzima maji, na hospitali humohumo. Halafu niwaambie watu nini, kwamba shemeji alichoka kusafiri?"

Akakichomoa palepale na kukipeleka kwa meneja. Meneja aliposikia ni shemeji akashusha sauti. "Hili tunaweza kulimaliza hapahapa."

"Tukilimaliza hapahapa, kwa wateja wao wengine linaendelea," akasema Mama Kufuli, akainua simu na kuipigia kampuni.

Jioni mdogo wake aliingia bila hodi, pacha mmoja mgongoni, mwingine mkononi.

"Dada, umemfukuzisha mume wangu!"

"Bado. Kaa."

"Sikai!"

"Basi simama, ila nipe mtoto mmoja." Akampakata. "Visanduku hivyo ameviweka wapi kwingine?"

"Anasema kwa wateja wake wote."

"Nani mwingine anajua vilipo?"

Mdogo wake akafikiri. "Hakuna."

"Basi huyo hafukuziki. Kesho aende kwa bosi wake kabla hajaitwa, aseme yote kwa mdomo wake, na aseme atavitoa mwenyewe. Mimi nitawaambia mkataba wetu mpya nao hausainiwi mpaka kisanduku cha mwisho kitoke. Wakimfukuza, wavitafute wenyewe."

Mdogo wake akakaa.

Ikawa hivyohivyo. Bosi alifoka mpaka mishipa ikamtoka, lakini shemeji akabaki kazini, akatumwa kuzunguka kuvichomoa. Kwenye mtambo wa maji akaletwa fundi mwingine. Siku hizi kampuni ikitaka kuichungulia pampu kutoka mbali, inaomba kwanza. Mama Kufuli anaifungulia njia, anakaa anatazama kila wanachogusa, wakimaliza anaifunga.

Baada ya wiki kadhaa mdogo wake akapiga simu.

"Dada, mume wangu simwoni! Leo kiwanda cha saruji, kesho cha sukari. Akirudi analala na viatu!"

"Ulilia asikose kazi. Si hiyo hapo, ameipata?"

Mdogo wake akasonya, kisha akacheka. "Na kwako utampokea lini?"

"Nyumbani, Jumapili hii, mje nyote. Kwenye mtambo, asahau," akasema Mama Kufuli, na kuendelea kumenya viazi vyake.