Jumapili Iliyotukuta Safarini

Wiki iliyopita mke wa mwanangu alisahau mfuko wa ndizi nyuma ya mlango wa jiko, hapa kwao Engutoto ninakoishi siku hizi. Ulipofunguliwa, harufu ilijaa nyumba nzima, tamu na nzito, yenye uchachu kwa mbali kama mbege changa, pombe yetu ya ndizi. Wajukuu walikimbilia uani wameziba pua. Mimi nilibaki pale pale nimeshika ukingo wa meza, kwa maana ghafla nilikuwa mtoto tena, nimekalia sanduku la baba kwenye sitaha ya meli, nina hasira.

Wajukuu hao walikuwa wakibishana siku kadhaa kuhusu likizo yao ya pwani. Mmoja anataka meli, ameziona kwenye simu yake, kubwa kama mtaa, zina hata mabwawa ya kuogelea. Mwingine anataka treni, ati unalala na kuamka umefika. Wa tatu anasema gari lao wenyewe, wasimame wanapotaka. "Bibi, wewe ungechagua nini?" wakaniuliza. Niliwajibu kwamba nimekwisha kuvipanda vyote vitatu katika safari moja, na kila kimoja kiliniudhi kwa namna yake. Walicheka wakaendelea kubishana. Kwa hiyo nakusimulia wewe msomaji, labda una nafasi.

Ulikuwa wakati wa Mwingereza, vita ya pili imekwisha, nami nilikuwa bado sijaanza shule. Tulikaa mlimani juu ya Tengeru, kwenye kihamba, shamba letu la ukoo, lenye kahawa na migomba. Baba alikuwa mwinjilisti. Alikuwa mtu mpole, sijapata kumsikia akimkemea mtu barabarani, lakini Jumapili yake haikuguswa. Kuni zilipasuliwa Jumamosi, ndizi zilimenywa Jumamosi, viatu vilipakwa rangi Jumamosi. Kahawa ingeweza kuiva ikadondoka, hakuna ambaye angeichuma siku ya Bwana. Na kusafiri Jumapili, isipokuwa kwenda kanisani, kwake kulikuwa sawa na kushika jembe.

Dada yangu mkubwa, Anaeli, alikuwa ameolewa na fundi seremala wa kwetu aliyepata kazi Dar es Salaam. Habari ikaja kwamba ana mimba na siku zake zimekaribia. Mama mkwe wake alikuwa amefariki, kwa hiyo aliyengojewa ni mama yangu. Kwetu, binti anapozaa mara ya kwanza hataki kuguswa na mikono ya wageni tu. Anataka mtu wa kumshika kiuno, wa kumpikia mtori, wa kumwambia kwamba haya yote ni ya kawaida hata kama si ya kawaida. Mama alimwahidi Anaeli siku ya harusi kwamba atakuwepo. Akakata ndizi mshare za mtori zikiwa mbichi kabisa, kijani kama majani, akazipanga kikapuni pamoja na kibuyu cha samli. Nami nikachukuliwa kwa sababu hakukuwa na wa kuniachia.

Baba alipanga safari kwa uangalifu. Jumatatu tushuke kwa lori hadi Moshi, Jumanne tupande treni ya kwenda Tanga, kisha meli. "Bwana akipenda," alisema, "Jumapili tutaimba kanisani Dar es Salaam."

Lori lilitupeleka mpaka Maji ya Chai. Mvua za masika zilikuwa zimeifanya barabara kuwa uji, na pale mtoni magurudumu yalizama mpaka kwenye ekseli. Wanaume walivua viatu wakasukuma. Wanawake wakakata matawi. Dereva alitoa kichwa dirishani akapaza sauti, "Mwinjilisti, omba basi, si kusukuma tu!" Baba, matope mpaka magotini, akamjibu, "Naomba huku nasukuma, ndugu. Na wewe ukanyage huku unatubu." Watu walicheka mpaka nguvu zikawaishia, lori likazidi kuzama. Tulilala kwa msamaria mmoja karibu na soko, na hata kesho yake hatukutoka. Tulipofika Moshi treni ilikuwa imekwisha kwenda.

Bado naisifu barabara kwa jambo moja. Lori likikwama, hasira yako inapata kazi ya kufanya. Unasukuma, unakata tawi, unamtukana dereva kimoyomoyo.

Treni iliyofuata ilikuwa ya Jumamosi. Baba alimwuliza karani wa stesheni mara nyingi mpaka karani akachoka naye: tutafika Tanga siku hiyo hiyo? "Jioni mtakuwa Tanga, mzee wangu." Meli ilikuwa inaondoka Jumatatu. Baba akatuma simu ya maandishi kwa shemeji: tupokee bandarini Jumanne. Mama alihesabu kwa vidole, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Maji ya Chai.

Nilidhani treni ingekuwa raha. Ilipopiga honi nilipiga makofi. Lakini tulipoingia nyika ya chini ya milima ya Upare, ilianza kusimama. Ilisimama kuchukua maji, ilisimama kungoja treni nyingine, ilisimama mahali pasipo na kitu isipokuwa miiba na vumbi, na hakuna aliyetuambia kwa nini. Treni huwezi kuisukuma. Unakaa tu, unatoka jasho kwenye benchi la mbao, unasikiliza injini ikihema. Ndizi zetu zilianza kugeuka rangi, na mama alikuwa akifunua kikapu, anazitazama, anafunika.

Jua lilipokuwa linazama tulifika stesheni ndogo, kijumba kimoja cha mabati na tangi la maji. Gadi wa treni alipita. Baba akamwuliza tutafika Tanga saa ngapi.

"Kesho, mchungaji. Asubuhi hivi."

"Kesho ni Jumapili."

"Ndiyo, na keshokutwa ni Jumatatu," alisema gadi, akaendelea na safari yake.

Baba alisimama akashusha sanduku. Mwanamke mmoja wa Kipare tuliyekaa naye benchi moja alishangaa. "Baba, hapa hakuna kitu. Treni nyingine ni ya katikati ya wiki!" Baba alimshukuru kwa adabu. Alisimama mlangoni na sanduku mkononi, akamgeukia mama. Mama alikuwa amepakata kikapu, macho yakiwa nje dirishani. Sikuelewa wanangoja nini. Kisha mama alifunga kanga yake kiunoni, akainuka, akanishika mkono, tukashuka.

Nakumbuka taa ya behewa la mwisho ikipungua mpaka ikawa nukta. Nikalia. Nilimwambia baba kwa sauti kubwa kwamba Anaeli atakasirika. Baba alinifuta uso kwa leso yake akasema Mungu anamwangalia Anaeli. Nilitaka kumwambia kwamba Mungu hajui kupika mtori, lakini mama alinitazama nikanyamaza.

Tulilala katika ghala la stesheni, na asubuhi baba aliendesha ibada. Mshika bendera wa stesheni alikuja na mkewe, na wachunga mbuzi wawili waliokuja kutafuta maji. Baba alivaa tai. Alihubiri kuhusu pumziko kana kwamba yuko mbele ya kanisa lililojaa. Mama aliimba nyimbo zote, mstari hadi mstari, bila kukosea neno, na kwenye sala hakusema amina. Hilo nililiona mimi kwa sababu mtoto hafumbi macho.

Jumatatu meli iliondoka Tanga bila sisi. Tuliokotwa na treni siku mbili baadaye, tukafika mjini Tanga tumejaa vumbi, na bandarini wakatuambia meli inayofuata ni ya Jumamosi jioni.

"Inafika lini Dar es Salaam?" baba akauliza.

"Jumapili, wakati wa chakula cha mchana."

Nilimwona baba akigeuka kuitazama bahari kwa muda. Mama aliketi juu ya sanduku akakunja mikono. Aliketi kwa namna ambayo hata mtoto angejua kwamba sanduku lile haliendi tena mahali popote ila melini. Baba akakata tiketi.

Kwa hiyo Jumapili ilitukuta katikati ya maji. Ndizi zilikuwa nyeusi zimeanza kutoa maji, na harufu yake ilikuwa ndiyo ile iliyotoka nyuma ya mlango wa jiko hapa Engutoto. Abiria wa daraja la tatu walisogea mbali nasi. Meli ina kosa moja kubwa kuliko lori na treni. Haina pa kushukia. Ukipenda usipende, unakwenda. Baba alivaa suti, akafunga tai, akaketi kwenye kamba zilizokunjwa, akakataa kusogea. Hakutaka hata kutembea ukingoni kuona samaki wanaoruka, ingawa nilimvuta mkono.

"Mimi sisafiri leo," aliniambia. "Nimeketi. Meli ndiyo inayosafiri."

Mama alikuwa ameegemea chuma, mgongo umetugeukia. Alisema bila kugeuka, taratibu kabisa, "Na treni je, Baba Anaeli? Ile ulikuwa ukiibeba wewe?"

Bibi mmoja wa Kitanga aliyekuwa karibu nasi alicheka mpaka akajifunika mtandio usoni. "Haya, mwinjilisti, jibu!" Baba alifungua kitabu cha nyimbo akaimba, na upepo ulikuwa ukiyachukua maneno kabla hayajatufikia.

Shemeji hakuwepo bandarini. Tuliuliza njia mpaka Kariakoo. Tulimkuta Anaeli amelala mkekani katika chumba cha kupanga, uso umekuwa mdogo, na kando yake mtoto wa kiume amefungwa kwenye kipande cha kanga. Ndipo tukasikia. Jumanne shemeji alikwenda bandarini kutupokea kama simu ilivyosema. Abiria wote walishuka, yeye akazidi kungoja, akidhani tumechelewa kutoka. Uchungu ulimshika Anaeli akiwa peke yake. Jirani mmoja, Bi Mwanaidi, alisikia akigonga ukuta, akaja, akamzalisha. Anaeli alipoteza damu nyingi. Bi Mwanaidi ndiye aliyempikia uji, ndiye aliyemwosha, na alikuwa bado pale tulipoingia, ameshika bakuli.

Anaeli alisema, "Shikamoo, baba," na baba akaitikia. Kisha Anaeli akamgeukia mama. "Nilikuita," alisema. "Mama, nilikuita sana. Nilijua umefika bandarini, nikawa nasikiliza mlango."

Mama alipiga magoti akamshika miguu. Baba alivua kofia, akabaki akiizungusha mikononi. Alitaka kuomba, akaanza, "Baba yetu wa mbinguni," sauti ikakatika. Bi Mwanaidi, ambaye alikuwa Mwislamu, ndiye aliyesema amina ili kumsaidia.

Anaeli alichukua muda mrefu kupona, lakini alipona, na Mungu ashukuriwe, mtoto yule sasa ni mzee mwenye mvi nyingi kuliko zangu. Mimi nilikaa na hasira miaka mingi. Nilimkasirikia baba kwa kuchagua siku badala ya mtoto wake, na niliikasirikia hata Jumapili yenyewe, mpaka Bwana alipoanza kunilainisha kidogo kidogo.

Nilipokuwa na mimba yangu ya kwanza nilimwuliza mama kwa nini alishuka. Tiketi yake alikuwa nayo. Mimi ningekaa naye. Alikuwa anachambua maharage, akaacha, akafikiri. "Sikujua kwamba inawezekana kutoshuka," alisema. "Melini ndiko nilikojua kwamba inawezekana." Akaendelea kuchambua.

Baba nilimwuliza baadaye sana, mama akiwa tumeshamzika, naye mwenyewe ni mzee wa kuongozwa kwa mkono mpaka benchi la kanisa. Niliuliza kwa upole, lakini hasira bado ilikuwa chini ya ulimi na nadhani aliisikia. Akasema, "Nilisimama pale mlangoni nikimngoja mama yako. Kama angebaki ameketi, na mimi ningerudi kuketi. Nilikuwa naomba kwa Mungu kwamba mama yako abaki ameketi."

"Kwa nini hukumwambia, baba?"

"Ningemwambiaje? Nilikuwa nimeshasema ni dhambi."

Nikiwa mtoto niliona mtu mmoja anayeamuru na mwingine anayetii. Sasa najua walikuwa watu wawili wenye hofu moja, kila mmoja akimngoja mwenzake amfungulie mlango, na honi ikalia wote wakiwa wima. Bado ninaishika Jumapili, na ninamshukuru Mungu kwa wazazi walionifundisha kuishika. Lakini baadhi ya Jumapili, ibada ikiwa imekwisha na watu wamekwisha kutoka, huwa nabaki nimeketi kidogo kwenye benchi, nikiwakasirikia wote wawili, halafu nikiwaombea.