Filimbi za Kabatini na Alama ya Mwanangu

Uvumilivu wangu uliishia jikoni, Jumamosi, nikiwa na mtoto mgongoni na ugali motoni. Nakiru, binti yangu wa Gredi ya Nne, aliniletea ripoti ya shule. Kupiga filimbi: amezidi matarajio. Tena amechaguliwa kupiga peke yake Ijumaa mbele ya wageni. Nikapiga vigelegele. "Hebu nipigie kidogo!"

Akachukua mwiko, akaupangia vidole vizuri kabisa, akavichezesha. Kimya.

"Sasa puliza."

"Mama, hatupulizangi. Tunashikanga tu."

"Mnashika nini?"

"Kijiti. Filimbi ni za wageni, ziko kwa kabati ya naibu. Kwani ukipuliza inaliaje?"

Ugali ukaungua. Na mimi pia.

Ningekuwa mtu mwingine ningecheka nikalala. Lakini kazi ya kufundisha muziki niliifanya miaka saba, Kakuma kisha hapa Lodwar, na ninyi walimu wapya nataka mjue tulivyoifanya.

Nilianza kama mwalimu wa kibarua, nina cheti cha kidato cha nne tu. Siku ya kwanza Kakuma, mwalimu mkuu, mzee mrefu wa maneno machache, alinipima kwa macho. "Vyombo hatuna. Mdomo unao?"

"Ninao, mwalimu."

"Na mikono?"

Nikapiga makofi mawili.

"Basi ingia."

Darasani Waturkana walikaa upande huu, watoto wakimbizi wa Sudani Kusini upande ule. Nikaandika do-re-mi ubaoni, wakanitazama kama mbuzi anavyotazama lori. Nikafuta. Nikauliza, "Nani kwao mwanamume humwimbia dume lake la ng'ombe, mikono juu kama pembe?" Mikono ikapanda pande zote mbili.

"Hata nyinyi?" Mturkana mmoja akashangaa.

"Hata sisi! Na pembe za yetu ni kubwa kushinda."

"Uongo!"

"Kuja upime!"

Nikawaacha washindane kwa kuimba. Kisha nikachukua sauti kutoka nyimbo zao: ya chini kabisa, mikono magotini, ya juu kabisa, pembe juu ya kichwa. Ngazi ya sauti waliijua kwa mikono kabla ya ubao. Mapigo tuliyashika kwa kuruka kama kwenye edonga, ngoma yetu Waturkana. Aliyetua akiwa amechelewa alijisikia mwenyewe, sikuhitaji kumsema. Tukajaza maji kwenye chupa za kioo, yenye maji mengi ikigongwa inatoa sauti nzito. Tatizo lilikuwa joto la Kakuma. Siku moja mtoto alikunywa chupa ya "so" yote kabla ya kengele.

Hapa Lodwar, mkuu wangu alikuwa mama mkali wa hesabu, na ofisi yake ilipakana na darasa langu. Wiki ya kwanza aliingia na rula mkononi. Watoto wakaganda. "Mwalimu, hizo kelele," akasema, "zianze pamoja, ziishe pamoja. Ni hayo tu." Kesho yake akaniletea filimbi sita kwa watoto arobaini. Mmoja akipuliza, tunaosha mdomo wa filimbi kwa sabuni, tunapangusa, tunampa mwenzake. Sauti ya kwanza ni dole gumba kwenye tundu la nyuma na kidole cha shahada kwenye la mbele, mkono wa kushoto. Halafu pumzi: poza uji, usiwashe moto. Wiki ya kwanza tulilia kama watoto wa mbwa. Ya tatu, vijana wa boda boda walikuwa wanasimama kwenye ua wakifuatisha kwa mluzi. Pumzi ndiyo sehemu ngumu, na haifundishwi kwa kijiti.

Niliacha kazi nilipopata mtoto wa pili. Wastaafu wengine huagwa kwa saa ya ukutani. Mimi niliagwa kwa nepi. Sijuti. Ila masikio hayastaafu.

Jumatatu nikamwendea naibu mwalimu mkuu wa shule ya Nakiru.

"Ejok, mama Nakiru!" akanisalimu kwa Kiturkana.

"Ejok. Fungua kabati."

Akafungua. Filimbi thelathini, kila moja kwenye nailoni yake, zimelala kama samaki wakavu wa Lowarengak, kule ziwani.

"Zikipulizwa zitaingia mate, mama."

"Na chaki ikiandikiwa inaisha. Umewahi kufungia chaki?"

Akacheka. Si mtu mbaya. "Kama ni malalamiko, andika. Kwa Kiingereza."

"Hasira yangu ni ya Kiswahili, mwalimu."

Akanipa karatasi. Niliandika hivi, naye akaigongea muhuri wa kupokelewa:

*Kwa Naibu Mwalimu Mkuu.*

*YAH: MALALAMIKO KUHUSU ALAMA YA NAKIRU, GREDI YA NNE*

*Mwanangu amepewa alama ya juu kwa filimbi ambayo hajawahi kuipuliza. Naomba alama hiyo ifutwe. Naomba pia filimbi zitolewe kabatini leo, watoto wote wapulize, na Ijumaa wageni wasikie watakachosikia. Sabuni na kitambaa nimeleta, viko mezani kwako. Mimi niko kwenye benchi hapo nje na mtoto wangu mdogo. Nitaondoka nikisikia filimbi moja ikilia, hata ikilia vibaya.*

*Mama Nakiru.*