Nyanya Hazilali

Meza yangu ya vitunguu na meza yake ya nyanya zimetenganishwa na ubao mmoja tu, kwa hiyo mambo ya huyu mama nayajua kuliko ninavyotaka. Sokoni tunamwita Mama Nyanya. Ni mkali, ni mcheshi, na hakopeshi mtu, hata mimi. Kila jioni alikuwa anabeba ndoo ya nyanya zilizopondeka na kuwamwagia mbuzi wanaofugwa nyuma ya soko. Wale mbuzi walinenepa. Yeye hakunenepa.

Alikuwa anaweka akiba ya kununua friji ya mlango wa kioo, nyanya zipone na joto, na akiba yenyewe ilikwenda mwendo wa kinyonga. Basi binti yake, anayefanya kazi kwenye duka la simu, akamwonyesha jinsi ya kununua hisa kwa simu. Wakachagua kampuni moja inayotengeneza betri za pikipiki za umeme. Bei yake haikutulia: asubuhi iko juu, mchana iko chini, kama mtoto kwenye bembea. Binti alimwambia aanze na kidogo. Sikio la kufa halisikii dawa. Alitia akiba yote ya friji.

Halafu ikawa hivi. Kila siku, kabla ya kufunika meza kwa turubai, anashika simu na kuuza hisa zote. Asubuhi anazinunua upya.

"Mbona unauza kila siku, dada?" nikamuuliza.

"Nyanya hazilali, kaka. Kikilala kinaoza."

"Hizo si nyanya."

"Wewe uza vitunguu."

Nikauza vitunguu.

Bei ya hisa ikawa inapanda wiki hata wiki, lakini pesa zake zinapungua. Akaamini anaibiwa. Akamwita binti sokoni, akamkabidhi simu kama anayekabidhi mwizi kituoni. Binti akaangalia, akacheka, kisha akaona uso wa mama yake akaacha kucheka.

"Mama, ukinunua mawakala wa hisa wanakukata ada. Ukiuza unakatwa ada. Na umefanya hivyo kila siku ya Mungu."

"Kumbe nawafanyia kazi wao."

"Cha mlevi huliwa na mgema," nikadakia.

Akanitupia nyanya. Ilikuwa mbovu, nzima asingeitupa.

"Hisa haziozi hivyo, mama," binti akasema. "Ziache zilale."

"Mvumilivu hula mbivu," nikaongeza.

"Mbivu ikizidi nayo inaoza," akanijibu, lakini akakubali, shingo upande.

Haikupita wiki, kampuni ikatangaza kwamba kiwanda chake kipya kitachelewa. Bei ikaporomoka. Mchana wote Mama Nyanya hakuita mteja hata mmoja. Jioni ilipokaribia, turubai liko begani, kidole kiko juu ya kitufe cha kuuza.

Mimi hisa sizijui. Nikamwambia ninachokijua. "Kitunguu nakibonyeza shingoni. Kikiwa laini, ndani kimeoza, natupa. Ganda likiwa baya peke yake, naweka."

"Betri ina shingo wapi?"

Lakini akampigia binti yake. "Watu bado wananunua betri zao?"

"Wananunua, mama. Tatizo ni kiwanda tu. Ila sikuahidi kitu, inaweza kushuka tena."

Akaitia simu mfukoni, akafunika meza. Mimi niliogopa kuliko yeye, nikajuta kufungua mdomo.

Kesho yake bei ilishuka tena. Hakunisalimia. Siku nyingi alikuwa ananitazama kama mimi ndiye mwenye kiwanda, ila hakuuza. Miezi ikapita, kiwanda kikafunguliwa, bei ikapanda mpaka ikapita pale alipoanzia. Asubuhi moja akauza nusu, nusu akaiacha ilale.

"Pesa ya friji haipandi bembea tena," akasema. Nilikubaliana naye kabisa.

Friji ilikuja ndogo kuliko ile aliyoiota, na mlango wake unalia ukiufungua. Jioni ile akazipanga nyanya ndani moja moja, akafunga, akafungua kuhakikisha, akafunga tena.

"Zitalala kweli?"

"Sijui, dada. Mimi ni wa vitunguu."

Asubuhi alifika kabla yangu. Nilimkuta ameshika nyanya ya jana, ngumu, ya baridi, ameiegemeza shavuni. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyaficha. Nikafurahi kama friji ni yangu.

Jioni hiyo aliondoka sokoni mikono mitupu, ndoo tupu ameiacha imepinduliwa chini ya meza. Nikabaki nafunga magunia yangu, huku nyuma ya ukuta mbuzi wakililia chakula chao.